Mbwa wa Gatini

Watu wengi wakiitazama picha hii ya rangi za mafuta huanza na mbwa, na hawana kosa, maana mbwa ndiye aliyeijaza. Mimi huanza chini, kwenye pete ya chuma. Imepigiliwa kwenye jiwe la gati, pete ya kufungia vyombo, na maji yameshaifikia. Maana yake bahari imejaa. Maji yakipwa, pete kama ile huning'inia juu ikiwa kavu, na mtu akiteleza pale huangukia matope. Ataumia, lakini atapumua. Maji yakijaa, anayeteleza hupotea hapohapo, na kinachobaki ni duara linalotanuka taratibu hadi nalo linafutika.

Juu ya pete hiyo, ukingoni mwa jiwe, amelala mbwa mkubwa mweupe mwenye weusi kichwani. Miguu yake ya mbele imevuka ukingo na kuning'inia upande wa maji. Kinywa kiko wazi kidogo, kama cha mbwa yeyote anayeota jua. Macho yako mbali. Nyuma yake anga limefunga mawingu, na shakwe wanazunguka.

Hakuna kingine. Hakuna binadamu, hakuna mashua inayopinduka, wala mkono unaopungia nje ya wimbi. Nimeitazama kwa miaka, na ninaandika leo kwa sababu kuna jambo moja ndani yake ambalo nilichelewa sana kuliona.

Aliyeichora ni Edwin Landseer wa London, na watu waliiona kwa mara ya kwanza kwenye maonyesho ya Royal Academy, chuo cha sanaa cha London, mwaka 1838. Siku hizi imo katika hazina ya jumba la sanaa la Tate. Upana wake ni takriban sentimita 143, nafasi inayomtosha mbwa wa aina hiyo bila kumpunguza sana. Landseer alizaliwa mwaka 1802, na picha zake zilikubaliwa Royal Academy mwaka 1815, akiwa na umri wa miaka 13. Pale chuoni, mchoraji Henry Fuseli alizoea kumwita kijana wake wa mbwa. Hakuwa mtu wa kubahatisha: alipasua mizoga ya wanyama ili ajue msuli upi umeshikana na mfupa upi. Ukiliangalia bega la mbwa huyu lilivyoinuka kidogo kwa sababu uzito umeegemea kiwiko, unajua mchoraji alishaliona bega hilo kwa ndani.

Jina la picha kwa Kiingereza ni A Distinguished Member of the Humane Society. Nimejaribu kulitafsiri mara nyingi. Mwanachama Mheshimiwa wa Chama cha... na hapo kalamu husimama. Neno linalokuja lenyewe ni utu. Chama cha Utu, na mwanachama wake mheshimiwa ni mbwa.

Kwa msemaji wa Kiswahili jambo hili si dogo. Utu umetoka kwa mtu, kama utoto ulivyotoka kwa mtoto. Na mtu akiitwa mbwa, ametukanwa tusi la kumtoa katika utu huohuo. Kuviweka viwili hivyo katika sentensi moja, mbwa na utu, ni kama kumkaribisha sebuleni mgeni ambaye siku zote ulimsemesha akiwa uani. Lakini lugha yetu ilishamfungulia mlango zamani. Hatusemi mbwa imelala. Tunasema mbwa amelala, vilevile tunavyosema mtoto amelala. Sarufi imempa heshima ambayo midomo yetu inamnyima.

Chama chenyewe kilikuwepo kweli, na kipo hadi leo kwa jina la Royal Humane Society. Kilianzishwa London mwaka 1774 na madaktari wawili, William Hawes na Thomas Cogan. Enzi hizo mtu akitolewa majini akiwa baridi na hapumui alihesabiwa maiti, na mambo yaliyofuata yalikuwa ya mazishi. Madaktari hao walisema subirini. Wakatoa zawadi za fedha kwa yeyote atakayejaribu kumrudisha aliyezama, na wakafundisha njia za kumrudisha: kumkausha na kumpasha joto, kumpulizia hewa mapafuni. Njia nyingine zingetushangaza leo, kama ile ya kumpulizia mfa maji moshi wa tumbaku kwa njia ya haja kubwa, jambo lililofanywa kwa nia njema kabisa na madaktari wenye akili zao. Kwenye nishani ya chama kuna maneno ya Kilatini, lateat scintillula forsan, yaani huenda cheche ndogo imejificha. Ninayapenda maneno hayo kuliko mengi niliyoyasoma kuhusu uhai.

Sasa mbwa. Hadithi iliyovuma London ilikuwa ya mbwa aitwaye Bob. Bob alinusurika katika meli iliyovunjika karibu na pwani ya Uingereza, akafika London, akakaa kandokando ya mto Thames. Huko akajulikana kwa kuwatoa watu majini. Husimuliwa kuwa aliokoa mara 23 katika muda wa miaka 14, na chama kile kikamfanya mwanachama mheshimiwa, kikampa nishani na haki ya kulishwa.

Alikuwa mbwa wa aina ya Newfoundland, aina iliyopewa jina la kisiwa kikubwa cha mashariki mwa Kanada. Wavuvi wa huko waliwatumia mbwa hawa kama mabaharia wenzao: kuvuta nyavu, kurudisha kilichoanguka majini, kuogelea na kamba mdomoni kutoka chomboni hadi nchi kavu. Dume hufika kilo 60 hadi 70. Katikati ya vidole ana utando wa ngozi unaotanuka akipiga maji. Manyoya yake ni tabaka mbili, la juu refu lenye mafuta, la ndani laini na zito, kiasi kwamba anaweza kukaa muda mrefu kwenye maji ya baridi kabla hayajamfikia ngozi. Nchini Italia hadi leo mbwa wa aina hii hufunzwa uokoaji wa baharini, na wamo wanaoruka majini kutoka kwenye helikopta pamoja na waokoaji.

Landseer alitaka kumchora Bob, ila Bob hakupatikana.

Jambo hilo wengi hulipita haraka, mimi hunikaa rohoni. Alipomkosa, Landseer alimtumia mbwa mwingine aliyeitwa Paul Pry, wa Bibi Newman Smith, ambaye inasimuliwa mchoraji alimwona akiwa amebeba kikapu cha maua mdomoni. Picha ilikaa katika familia hiyo hadi ilipoachiwa taifa kwa wosia mwaka 1887. Kwa hiyo bega hili, masikio haya, na hiyo pua inayong'aa ni vya mbwa wa nyumbani, mbwa aliyebeba maua. Alilazwa mahali pa shujaa ambaye hakuna aliyejua alipo, akavaa cheo cha mwenzake, na akakivaa vizuri. Simwoni kama mwongo. Ninamwona kama jirani aliyekubali kusimama picha kwa niaba ya marehemu kwa sababu wanafanana mabega, ili watoto wapate cha kutazama.

Nilipoanza kujifunza rangi za mafuta, picha hii ndiyo niliyoinakili kwanza, na ilinishinda. Ilinishinda kwenye weupe. Nilimpaka mbwa rangi nyeupe kama ilivyotoka kwenye tyubu, na nikapata mbwa wa chokaa. Nikachukua lenzi ya kukuzia, nikaitazama nakala yangu ya kuchapwa kipande kwa kipande. Ubavuni hakuna weupe. Kuna kijivu chenye ubuluu, kuna rangi ya majani makavu pale manyoya yanapogawanyika, kuna kahawia hafifu karibu na kiwiko, kama la mnyama aliyekaa kwenye jiwe lenye unyevu. Nyeupe halisi imewekwa mahali pachache mno: juu ya nyama ya pua, kwenye vifundo vya makucha, na kwenye mstari wa nywele mgongoni ambapo jua linagusa. Nywele hazikuchorwa mojamoja. Brashi imeburutwa ikiwa na rangi nzito, ikainuliwa kabla rangi haijaisha, na ule mkia wa rangi uliobaki ndio nywele. Niliufanya mkato ule kwenye karatasi chakavu labda mara mia. Mkono unatakiwa uende haraka na moyo uende polepole, na mimi siku zile vyote viwili vilikuwa na haraka.

Lakini kunakili kulinifundisha jambo lile nililolisema mwanzo. Ili kuchora lazima ujue umesimama wapi. Nikapima: upeo wa bahari uko chini, nyuma ya mbwa, na kichwa chake kimepanda juu hadi mawinguni. Ukuta wa gati tunauona kwa mbele, pamoja na pete, pamoja na maji yanayolamba jiwe. Nikakaa na penseli mkononi nikijiuliza, mtu anayeuona ukuta wa gati kwa mbele, na maji yakiwa chini yake, amesimama wapi?

Hajasimama. Yuko majini.

Labda yuko ndani ya mashua, sawa. Lakini yuko upande wa maji, na yuko chini, na mbwa yuko juu yake kwenye jiwe kavu. Landseer ameondoa binadamu wote pichani kwa sababu binadamu anayehusika ni yule anayetazama. Mimi na wewe ndio tuliomo baharini. Miguu ile inayoning'inia, inaning'inia kuelekea kwetu.

Tangu siku hiyo sikuweza tena kuiona kama picha ya mbwa anayepumzika. Yuko zamu. Kinywa kiko wazi kwa utulivu, mwili umelegea, lakini macho hayajalegea, na makucha yameshavuka ukingo. Kati ya kulala hivi na kuruka hakuna hata hatua moja ya kupiga, ni kujiachia tu.

Na mbwa huyu hatutazami sisi. Hilo lilinisumbua mwanzoni, kwamba mimi niko majini na yeye anaangalia kwingine. Baadaye nilisoma na kuelewa zaidi jinsi watu wanavyozama. Anayezama hapigi kelele. Mdomo wake hupanda juu ya maji na kushuka, na pumzi anayopata haitoshi kuita jina la mtu. Mikono haipungi, inasukuma maji pembeni na kwenda chini, kama mtu anayejaribu kujiinua kwenye meza isiyokuwepo. Waliosema mfa maji hukamata maji walikuwa wamemwona mtu akizama kwa macho yao. Hawakuwa wakitafuta mfano. Kwa hiyo anayelinda hawezi kumkodolea mmoja. Anatazama maji yote kwa pamoja, mbali na karibu, akisubiri mahali ambapo pamebadilika kidogo. Hayo ndiyo macho ya mbwa huyu.

Ninajua kuhusu ukimya huo kwa sababu nilikuwamo.

Nilikuwa na miaka tisa. Tulikuwa tunacheza kwenye ngazi za gati, zile za chini zilizoota ukoga, na maji yalikuwa yanajaa. Tuliambiwa tusishuke na tulishuka. Nilichokumbuka baadaye si hofu. Nakumbuka rangi ya kijani, na mwanga uliokuwa juu yangu ukivunjikavunjika, na nakumbuka nikishangaa kwamba ninasema "mama" na neno halitoki. Wenzangu walikuwa hatua tatu kutoka nilipokuwa. Walikuwa wanacheka jambo lao, na walisimulia baadaye, kwa machozi, kwamba walidhani nimekwenda nyumbani.

Kisha kola ya shati ikanibana shingo. Nikanyanyuliwa kwa nguvu kama gunia, goti likakwangua jiwe, nikalazwa kifudifudi. Kiganja kilinipiga mgongoni, maji yakanitoka puani na mdomoni, machungu, na niliona karibu kabisa na jicho langu mkono umeegemea jiwe. Mkono wa mtu mzima, umekakamaa, una alama nyeupe za kamba kwenye kiganja, na ukucha wa kidole gumba umepasuka katikati toka juu hadi chini. Maji yalikuwa yakichuruzika kutoka kwenye kifundo chake na kutengeneza doa jeusi kwenye jiwe. Sauti ikasema, "Haya, pumua. Pumua, baba." Nikapumua. Nilipoweza kugeuza shingo, watu walishanizunguka na mkono haukuwepo.

Mama alirudi pale gatini siku tatu mfululizo kumtafuta. Aliuliza wapagazi, akauliza wenye mashua. Wengine walisema ni baharia wa chombo kilichong'oa nanga jioni ileile. Wengine walisema la, ni mpita njia. Alikuwa ameandaa kanga mpya kwa ajili ya mke wa mtu huyo, kama anaye, na kanga ile ilikaa kabatini miaka mingi ikiwa imekunjwa, hakuna aliyeivaa.

Sina uso wa kumwekea. Nina kidole gumba na sauti. Nimejaribu kumchora mara kadhaa na kila uso niliompa nikauona wa kubuni. Ndiyo maana naelewa kwa nini Landseer, alipomkosa Bob, hakuiacha kazi. Deni liko pale pale hata kama mdai haonekani. Unamchukua aliye karibu, mwenye mabega yanayofanana, unamlaza ukingoni, unampaka rangi kwa heshima yote uliyo nayo.

Landseer alirudi kwenye mada hii miaka mingi baadaye, mwaka 1856, kwa picha aliyoiita Saved, yaani Ameokolewa. Humo mbwa wa aina ileile yuko ufuoni, na mtoto amelala juu ya miguu yake ya mbele. Watu waliipenda, na ninaelewa, maana inakuambia kila kitu. Kwangu inasema mno. Mtoto ameshatolewa, kazi imekwisha, kilichobaki ni sisi kulia. Ile ya 1838 haikubembelezi. Inakuacha majini ukiwa hujui kama umeonekana.

Ninamkumbuka pia Mfaransa Gustave Courbet, ambaye mwaka 1866 alichora mbwa wawili wa mbio wa bwana mmoja mwenye cheo, wamesimama ufukweni Trouville, wembamba, wazuri, anga kubwa nyuma yao. Ni kazi ya fundi. Lakini wale mbwa bahari kwao ni pazia. Mbwa wa Landseer anaijua bahari, na ana jambo nayo.

Picha hii haikukaa ukutani mwa tajiri peke yake. Thomas, kaka yake Landseer, aliichonga kwenye bamba la chuma kwa ajili ya kuchapwa, na nakala zikatoka mwaka 1839, zikaingia katika nyumba za watu ambao wasingeweza kununua rangi ya mafuta. Umaarufu wake ukawa mkubwa hata mbwa wa Newfoundland wenye rangi nyeupe na nyeusi wakaitwa kwa jina la mchoraji: Landseer. Katika nchi kadhaa za Ulaya huhesabiwa kuwa aina kamili inayojitegemea. Mchoraji mwenyewe alipewa heshima nyingi, wale simba wa shaba wa uwanja wa Trafalgar Square, London, waliowekwa mwaka 1867 ni wake, na maisha yake ya mwisho yakawa ya maradhi ya akili na huzuni nzito. Alifariki mwaka 1873. Watu husimulia habari za simba. Mimi nikimfikiria humwona akiwa amepiga magoti mbele ya mbwa wa watu, akijaribu kuelewa weupe.

Nakala yangu imetundikwa juu ya meza ninapofanyia kazi. Ni ya kuchapwa, kona moja imekunjamana, na jua limeanza kuila rangi ya anga. Ile niliyoichora mwenyewe nimeiweka nyuma ya kabati. Makucha yalinitoka vizuri, na siku moja nitarudia mengine.

Binti yangu, ambaye sasa ana miaka sita, hupenda kupanda kwenye kiti changu akaiangalia kwa karibu hadi pumzi yake inaacha ukungu kwenye kioo. Juzi aliniuliza mbwa anaitwa nani. Nikamwambia Paul Pry. Akauliza kama yeye ndiye aliyeokoa watu wale niliomsimulia. Nikamwambia hapana, aliyeokoa watu ni Bob, ila mchoraji alimtafuta Bob na hakumpata, akamchora huyu.

Alinyamaza, akaitazama tena. Akapitisha kidole juu ya mgongo wa mbwa, akashuka kwenye miguu, akafika kwenye pete. Kisha akakipeleka kidole nyuma kabisa, pale bahari inapokutana na mawingu na shakwe wanazunguka, akakibandika hapo.

"Basi Bob yuko huku," akasema. "Kuna mtu ameanguka."